Mwanga Unaoangukia Ngozi

Jumatatu, 3 Machi

Nimekipata! Kipima mwanga. Kidude cha kushika mkononi, kinaenea kiganjani, juu kina kikofia cheupe kama nusu ya mpira wa mezani. Mpiga picha mzee wa mtaa wa pili anafunga duka lake, macho yamegoma. Akasema chukua, mimi sasa hata jua lenyewe nalisikia kwa joto tu.

Leo nimefanya jaribio alilonielekeza. Nimetundika shuka jeupe, nikalipiga picha. Nikatundika koti jeusi, nikalipiga. Kamera ijichagulie yenyewe. Zote mbili zimetoka rangi ya majivu! Ndio ujinga wa kamera huo. Inapima mwanga unaorudi kutoka kwenye kitu, na inadhani dunia nzima ni ya kijivu. Mtu mweusi akikaa mbele ya ukuta mweupe, anatoka mkaa. Akikaa mbele ya pazia jeusi, anapauka kama kapakwa unga. Kidude hiki hakina habari na rangi ya mtu. Unakiweka shavuni pake, kikofia kikitazama kamera, kinapima mwanga unaomwangukia. Basi. Mweusi anabaki mweusi, mweupe anabaki mweupe.

Mteja wa paspoti: "Dada, unanipima homa?" Nimecheka mpaka nimetikisa kamera.

Kaka amepita mchana. Ameniletea stendi ya taa aliyoichomelea mwenyewe huko karakana kwake, kati ya mageti ya watu. Bomba la chuma, miguu mitatu, nzito kama dhambi. Ile ya dukani ilikuwa inaanguka kila nikipiga chafya. "Hii hata apite tembo," anasema. Halafu akaninyanyua juu kama nilipokuwa na miaka saba — ananipita kichwa kizima na zaidi — akaniambia nikafute utando wa buibui darini maana peke yangu sitaufikia hadi kiama. Mshenzi! Mikono yake yote ina madoa ya cheche. Kaka yangu huyo.

Alhamisi, 6 Machi

Sijui nianzie wapi.

Saa nne asubuhi wifi yangu, mke wa kaka, ameingia na mtoto wao, Kidoti. Kidoti ana miaka sita. Doa la shavuni ndilo lililompa jina. Wifi akamkalisha kaunta na penseli, akaingia studio ndani, akavuta pazia. Mtandio umemfunika hadi puani.

"Wifi, nimekuja unipige."

"Ya nini? Paspoti?"

Akavua mtandio. "Kaka yako ameshapiga. Sasa zamu yako."

Jicho la kushoto limefumba. Shingoni alama nne upande mmoja, moja upande wa pili — vidole. Mgongoni mistari, mirefu, imenyooka. Kipande cha nondo, anasema. Jana jioni simu yake iliita, akacheka na mtu, hakusema ni nani. Alikuwa dada yake tu! Akaburutwa kwa nywele kutoka sebuleni hadi bafuni, akabamizwa kwenye sinki mara tatu. "Nilikuwa nahesabu," anasema. "Ukihesabu hupigi kelele." Kidoti alikuwa amesimama mlangoni.

Si mara ya kwanza. Ni ya nne, au ya tano kama unahesabu ya ujauzito. Mwaka jana alikuwa na bandeji kwenye mkono, akaniambia ameanguka kwenye ngazi. Nikasema pole. Nyumba yao haina ngazi! Haina ngazi, nimeingia humo mara mia, na nikasema pole.

Amepata wakili, mwanamke. Wakili ameziangalia picha alizojipiga kwa simu, akazirudisha. Ukuta mweupe, uso mweusi: mkaa mtupu. Hakimu ataona mwanamke aliyepigwa picha mbaya, si mwanamke aliyepigwa.

Nikakishika kidude. Nikakisogeza chini ya jicho lake, kikofia kikamgusa. Akaruka hadi ukutani. Haikuwa maumivu. Ni mkono tu, mkono unaokuja usoni. Nikasema samahani wifi, samahani, kishike mwenyewe. Akakishika mwenyewe, akajiwekea shavuni, akanisomea namba kama mwanafunzi. Aiso 400, shata 60, tundu la lenzi 5.6. Nimeweka taa moja mbele, ya pili ubavuni ili uvimbe utupe kivuli, rula pembeni ya shingo ili ukubwa ujulikane. Picha kumi na nne.

Zimetoka. Ee Mungu, zimetoka. Zambarau chini ya ngozi nyeusi, wekundu ndani ya zambarau, kila kidole na kucha yake. Nimemwambia nakwenda kuosha mikono. Nimeiosha mara tatu.

Kidoti kaunta: "Shangazi, mama ametoka vizuri?"

Nikasema ndiyo.

Jumamosi, 8 Machi

Mara ya pili. Taa zile zile, umbali ule ule — nimepima kwa futi, nimebandika alama sakafuni. Kipimo kile kile, 400, 60, 5.6. Wakili anataka hivyo: mwanga usibadilike, ibadilike ngozi tu. Asije mtu akasema tumechezea.

Jicho limefunguka kidogo, ndani jekundu kama nyanya. Alama za vidole zinageuka kijani pembezoni. Wifi anakishika kidude vizuri kuliko mimi sasa. Ananitania: nikiachika nitakuja kuwa fundi wako. Nikacheka. 

Jumapili, 9 Machi

Chakula kwa mama. Kaka alikuwepo, peke yake. Wifi ana mafua, eti.

Sikuweza kula. Kaka alikuwa anamkata mama kucha za miguu! Amekaa chini kwenye zulia, mguu wa mama umelala pajani mwake, anakata moja moja, anapuliza. Anamchekesha mama mpaka machozi. Nilikuwa natazama vidole vyake. Gumba la kulia ndilo lile la peke yake upande wa pili wa shingo. Lina kovu la moto kwenye kiungo. Kwenye picha lile kovu linaonekana — limeacha kipengo katikati ya alama.

Jikoni mama akanibana. Amesikia wifi anaingia studio kwangu kila mara, picha za nini, harusi si ilikwisha zamani? Nikasema muulize mwanao. Ulimi wangu huo! Mama akaacha kuosha sahani. Akasema taratibu kwamba nyumba husitiri mambo, na mimi sina ndoa, nitayajulia wapi. Hata baba yenu alikuwa na mkono mwepesi, na mbona tulizeeka pamoja.

Sikuwa nalijua hilo la baba. Amelisema kama mtu anayetaja bei ya chumvi.

Jumanne, 11 Machi

Wakili amepiga simu. Sauti nzito kama ya mtu aliyelala kwenye vumbi. Ameziona picha zote ishirini na sita. "Hizi zinasema zenyewe," anasema. Niandike tarehe, saa na kipimo nyuma ya kila moja, niweke sahihi. Kesi inatajwa Alhamisi ya wiki ijayo, tarehe 20. Kesho wifi aje mara ya mwisho, mgongo unaanza kupona, baada ya hapo hakuna cha kuonyesha.

Jumatano, 12 Machi

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umevimba.

Saa kumi alasiri. Wifi alikuwa kwenye kigoda, nguo imeshuka mabegani, kidude ameshika mwenyewe mgongoni kwa nyuma, ananiuliza hapa au juu zaidi. Namshukuru Mungu Kidoti alikuwa shule. Kioo cha mlango wa mbele kikapasuka. Kaka hakugonga, alipita katikati yake.

"Kumbe mnanitengenezea sinema!"

Mama ndiye aliyemuuliza. Nilimwambia muulize mwanao, naye akamuuliza.

Alimrukia wifi kabla sijasema kitu. Mikono yote miwili shingoni, vidole vikakaa juu ya alama zake vyenyewe kama mtu anayevaa glavu yake ya zamani. Akambamiza ukutani. Pazia la nyuma likashuka na fimbo yake. Nikamrukia mgongoni, nikamng'ata sikio mpaka nikasikia ladha ya chuma mdomoni. Akanitikisa, nikaruka, kichwa changu kwenye kona ya meza. Stendi ikaanguka nami, balbu ikalipuka, chumba kikanuka kuungua. Wifi hakupiga kelele. Midomo yake ilikuwa inacheza. Alikuwa anahesabu!

Halafu midomo ikaacha.

Nikainyanyua stendi. Ile ya bomba, yake mwenyewe, taa inaning'inia kwa waya. Sikujua nina nguvu hizo. Nikazungusha kama mtu anayekata mti. Ikampata juu ya sikio la kulia. Sauti kama ya mlango wa gari. Akamwachia wifi, wifi akaanguka upande mmoja anavuta pumzi kama msumeno, kaka akaanguka magoti upande wa pili, kiganja kichwani, damu inapita katikati ya vidole.

Akainua uso. Akaniita jina la utotoni, lile analoniita yeye tu. Hakuwa na hasira tena. Alikuwa anashangaa.

Nikampiga tena. Utosini. Kwa nguvu zote, kutoka juu.

Pigo la kwanza lilikuwa la wifi. La pili lilikuwa langu. Naliandika hapa kwa sababu hapa hasomi mtu. Lilikuwa la ngazi zile ambazo hazipo, la kucha za mama, sijui. Lilikuwa tamu. Sekunde moja, lilikuwa tamu kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya kwa mikono hii.

Majirani wakaingia. Wakatutenganisha, ingawa hakuna aliyekuwa anapigana tena.

Alhamisi, 13 Machi

Polisi. Afande wa kike, mpole, anaandika polepole. Ulimpiga mara ngapi? Nikasema moja. Wifi naye alishasema moja. Sauti yake haitoki, amemwonyesha kwa kidole. Sidhani kama anadanganya. La pili hakuliona, alikuwa chini anatafuta hewa.

Mimi ndiye ninayedanganya.

Wifi na Kidoti wamehamishwa. Wakili tu anajua wapi. Nimesema usiniambie.

Ijumaa, 14 Machi

Mama kwenye simu. Nyuzi kumi na moja! Mwanangu ananyolewa kichwa kama maiti! Amesema maziwa aliyoninyonyesha anayadai yarudi. Akakata. Akapiga tena, akalia tu, akakata.

Nimefagia vioo. Bado naviokota kwa nyayo.

Jumatatu, 17 Machi

Kaka, aliyelazwa chini ya ulinzi wa polisi, ametoka kwa dhamana. Amefungua kesi yake: dada yake amemvizia akamjeruhi, mkewe na dada yake walipanga. Wakili wa wifi amenisomea kwenye simu bila kupumua. Wanataka kuonyesha kwamba picha za wifi ni njama, kwamba mimi ndiye mkali wa ukoo. Lakini, anasema, fomu yake ya hospitali imeandikwa "majeraha ya kichwa" tu, haisemi wapi wala mangapi. Na picha alizoleta ni za simu. Kichwa kimenyolewa kinang'aa, dirisha nyuma yake. Hakuna kinachoonekana. "Mkaa," anasema, na kwa mara ya kwanza nimemsikia akicheka. Pigo moja la kuokoa mtu, hakuna hakimu atakayekulaumu. Ni moja, sivyo?

Nikasema moja.

Sikulala mchana wote. Nilijilaza tu, natazama dari.

Jumanne, 18 Machi

Naandika nimesimama kaunta. Printa inapasha moto. Kaka yuko nje kwenye kibaraza anavuta sigara. Mama yuko ndani, kwenye benchi la wateja, mkoba magotini.

Wamekuja saa tano. Niliposikia hatua zake kwenye vipande vya kioo nilishika mkasi. Mama akatangulia mbele yake, akasema weka hicho chini. Nikaweka.

Kaka hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Amevaa kofia. Amesema amekwenda studio mbili mjini, zote zimemtoa kivuli. Moja wamemtoa kama balbu. "Wewe ndiye uliyempiga mke wangu mpaka vidole vyangu vikahesabika," anasema. "Wakili wangu amesema mwenyewe hajaona kazi kama ile. Basi fanya na mimi. Au mizani yako ni ya upande mmoja?"

Nikasema studio imefungwa.

Akavua kofia.

Sikuwa nimeyaona majeraha. Siku ile ilikuwa damu tu. Juu ya sikio, mstari uliopinda, nyuzi sita. Utosini, mwingine, nyuzi tano, umefumuka katikati na unatoa maji.

Akakaa kwenye kigoda cha wifi.

Ningeweza kukataa, angeondoka. Au angevunja kilichobaki. Lakini sikuwa nawaza hilo, naliandika lilivyo. Nilikuwa nawaza namna ya kumharibia. Ni rahisi mno! Fungua tundu la lenzi stopu mbili zaidi, mwanga uingie mara nne, kichwa kilichonyolewa kinawaka cheupe, mshono unamezwa. Taa iweke mbele uso kwa uso, hakuna kivuli, kidonda kinalala bapa kama unywele. Asingejua. Mama asingejua. Ningemkabidhi bahasha na risiti.

Nikachukua kidude. Taa imebaki moja, ile ya stendi ilikufa. Nikamsogelea. Alikuwa amefumba macho, na nilipokiweka kikofia karibu na sikio alifanya kile kile. Akaruka. Mtu mkubwa vile. Halafu aibu ikampanda, akanikamata kiwiko, akabana mpaka nikasikia mfupa ule uliovimba ukilia.

"Ukinichezea," akasema taratibu, mama asisikie, "nitakivunja hiki. Halafu mkono uliokishika. Halafu nitamtafuta alipo, na nitampata."

"Niachie nisome namba."

Akaniachia.

Taa moja badala ya mbili: mwanga nusu, stopu moja chini. 400, 60, tundu 4. Nikasoma mara mbili. Namba ziko pale, hazina ukoo. Nikaweka kamera kwenye 4.

Nimefanya hivyo kwa nini? Si kwa wema. Sina wema na yule. Ila akilini nilimwona hakimu ameshika picha za wifi, nyuma yake sahihi yangu na kipimo, anauliza: huyu aliyepima, huwa anapima sawasawa? Kama leo nadanganya, basi nilidanganya na siku ile. Shingo ya wifi inarudi kuwa mkaa.

Na kitu kingine, sitaki kukiandika. Nilitaka kuona nilichofanya.

Taa ubavuni. Rula. Nane za sikio, nane za utosi. Kwa utosi nilimwambia ainamishe kichwa, akainamisha, shingo yake ya nyuma ikawa mbele yangu, imenyolewa kama ya mtoto. Mikono yangu ilitulia kabisa. Hiyo ndiyo iliyoniogopesha.

Alipotoka kuvuta sigara nilijifungia studio ndani, nikampigia wakili wa wifi. Nikamwambia yote. Na pigo la pili.  Akaniuliza kama picha za utosi zimeshachapwa. Nikasema bado. Akasema yeye hawezi kuniambia nifute, naye hajasikia ninachosema, na kesi keshokutwa ni saa tatu pale pale. Akakata.

Za sikio zimeshatoka. Ziko kaunta zinakauka. Wazi kabisa. Hizo hazinidhuru.

Ya utosi imetoka sasa hivi. Mama alikuwa ameinuka, ameipokea kwenye mdomo wa printa kabla yangu. Ameisogeza mlangoni kwenye mwanga. Kila uzi unaonekana, na ngozi ilivyochanika kutoka juu kwenda chini, na ukingo wa bomba umejichora duara.

Amerudi kukaa. Ameitazama kwa muda. Ameniangalia mimi, kuanzia miguuni hadi kichwani, polepole, kama fundi anayempima mtu suruali.

"Wewe," amesema kwa sauti ya chini, "hufiki utosini kwake."

Amepitisha kidole kwenye lile duara la bomba.

"Hata ukipanda kigoda hufiki. Alikuwa amepiga magoti."

Nimeitikia kwa kichwa: ndiyo.

Amefumba macho. Mkono wake umepanda wenyewe hadi nyuma ya kichwa chake, chini ya kilemba, umegusa mahali fulani, umeshuka. Hajui kama nimeuona.

Nje kaka ameizima sigara kwa kiatu. Anaita: "Mama! Zimetoka?"

Mama ameigeuza picha, uso chini, pajani, ameweka kiganja juu yake.  Hatua zinakuja juu ya vioo.